Asubuhi Awuor Alipokubali Kupimwa

Alhamisi, Juni 2008. Nakuru.

Leo kumeamka na ukungu, manyunyu, na baridi ambayo hata mimi niliyezaliwa Mau Narok nimeiheshimu. Sasa ni jioni. Nimekaa kwenye saiba moja ya intaneti mjini kabla sijapanda matatu kwenda nyumbani, mtaa wa Free Area. Vidole havijapata joto sawasawa, lakini roho yangu ni nyepesi.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipoandika hapa nikiwa hivi. Tangu Februari nimekuwa nikiandika habari za mvua, za kwaya, za viazi vya baba vilivyopata baridi, na kila nikikaribia jambo lenyewe nafunga ukurasa na kuondoka.

Leo nitaliandika.

Majina ya watu wawili katika habari hii nimeyabadilisha. Nimewauliza kama naweza kuandika, wakakubali. Mmoja alicheka akasema hakuna mtu anayemjua huko kwa intaneti.

Kwa mtu anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni muuza dawa katika kemisti ndogo kule Rhonda. Watu huniita daktari kwa sababu ya koti jeupe. Si daktari. Nilisomea dawa chuoni, nikapata cheti, na kwa miaka mitatu nimesimama nyuma ya kaunta ile nikiuza dawa za malaria, za minyoo, za kikohozi cha watoto.

Na sindano.

Kuna wateja ambao huja kununua hicho kitu kimoja tu. Hawana karatasi ya daktari, na huongea wakiangalia chini. Wanajidunga unga, ile heroini ambayo watu hudhani iko Mombasa peke yake. Hapa Nakuru ni wachache, lakini wako, na wengi wao nilikuwa nawajua kwa sura. Awuor alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kusuka nywele katika saluni moja nzuri mjini. Mwingine ni mwanamume wake, Kim, ambaye alikuwa fundi wa kupaka magari rangi mpaka mikono ilipoanza kutetemeka.

Nilikuwa nawadharau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kusema kwamba walinikosea kwa jambo fulani, waliniibia au walinitukana. Hawakufanya hivyo. Niliwadharau bure tu, jinsi mtu anavyoweza kumdharau mwingine kwa sababu nguo zake zinanuka.

Mwisho wa Januari, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika kwetu, tulifunga kemisti zaidi ya wiki moja. Tulipofungua, mwenye duka, Mzee Bashir, alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole. Familia yake imefanya biashara Nakuru tangu babu yake alipofika kutoka India, na sijawahi kumwona akiogopa kama siku ile. Alisema watu wa sindano nisiwauzie tena. Hakutaka kikundi mlangoni wakati kila mtu anamwogopa jirani yake.

Mzee Bashir alikuwa na hofu. Mimi sikuwa na hofu. Mimi nilifurahi.

Mchana wa siku hiyo Awuor na Kim walikuja. Awuor ni Mjaluo na Kim ni Mkikuyu, makabila yaliyokuwa yakipigana, na katika siku zile hilo peke yake lilitosha kuwafanya walale kila usiku mahali tofauti. Walikuwa wamechakaa. Awuor aliniomba sindano mbili. Nikamwambia zimeisha.

Boksi zima lilikuwa chini ya kaunta. Goti langu liliegemea juu yake nikisema hivyo.

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nikasema zimeisha. Nilipenda hata namna nilivyolisema, kwa upole, kama mtu anayesikitika. Jioni niliimba kwaya.

Mwezi wa tatu Kim aliletwa na Awuor akiwa na jipu mkononi, kubwa kama yai, na homa. Kwenda hospitali alikataa. Nililisafisha, nikafunga, nikampa dawa za kumeza. Nikiwa nafunga bandeji nilimuuliza Awuor, kwa sauti ile ya kulaumu tuliyonayo sisi wa koti jeupe, kwa nini wanatumia sindano chafu.

Hakukasirika. Alinieleza tu. Alisema siku zile za vurugu walijificha watu wanane kwenye nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa, na kati yao kulikuwa na sindano moja. Waliiosha kwa maji ya kikombe. Ilipokuwa butu waliinoa kwa kiberiti, kwenye ile sehemu ya kuwashia.

"Kwa siku ngapi?" nikauliza.

"Mpaka tukapata ingine. Hapa mlisema zimeisha."

Niliendelea kufunga bandeji. Sijui nilifungaje.

Tangu siku hiyo nilianza kuwauzia tena, kwa siri, bila kumwambia Mzee Bashir. Na tangu siku hiyo swali moja halikuniacha: kama mmoja wa wale wanane alikuwa na virusi vya UKIMWI, na Awuor akavipata pale, ni nani aliyempa? Ni yule mwenye damu, au ni mimi mwenye boksi?

Halafu wiki mbili baadaye Awuor alikuja peke yake kuuliza kama kuna dawa ya kichefuchefu ambayo haidhuru mtoto.

Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Hapo ndipo nilipoanza kumfuata na habari ya kupimwa. Nilikuwa najua ninachojua: mama akijulikana mapema, kuna dawa, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Akikaa bila kujua, hakuna wa kumsaidia. Nilimweleza hivyo siku ya kwanza. Akaitikia. Nilimweleza siku ya pili. Akaitikia. Siku ya tatu alimtuma mtu mwingine kuja kununua sindano.

Nikabandika tangazo mlangoni, wiki ambayo Mzee Bashir hakufika dukani, karatasi niliyoandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: Wanaojidunga, njooni mpimwe, ni bure, ni siri. Nilijiona mwerevu sana. Kwa siku nne hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga pale. Baadaye nilikuja kusikia kwamba walidhani polisi ndio walionilazimisha kulibandika, na kwamba atakayeuliza atashikwa. Isitoshe, ni nani ataingia kwenye mlango uliomwandika hivyo mbele ya majirani? Nililibandua asubuhi moja kabla sijafungua.

Nilikuwa nahubiri. Sikuwa nimeuliza.

Siku Awuor aliporudi, mwezi wa nne ukiisha, nilimkaribisha nyuma ya kaunta, nikampa chai kwenye kikombe changu, na badala ya kumwambia chochote nikamuuliza ni kitu gani hasa kinamzuia. Alikunywa chai mpaka nusu ya kikombe.

Kisha akaniambia. Alikwenda. Mimba ilipoanza tu, alikwenda kliniki ya wajawazito mahali fulani, sitapataja. Nesi alimkunja mkono wa sweta atafute mshipa, akaona makovu, akawaita wenzake wawili waje waone. Mmoja akamuuliza mbele ya akina mama wote kama mtoto naye ameshaanza kujidunga. Awuor alishuka kitandani, akavaa viatu, akaondoka. Hata kadi aliiacha.

"Daktari, mimi siogopi kuambiwa niko nayo," alisema. "Naogopa kuangaliwa."

Kulikuwa na mambo mengine pia, ambayo kwangu ni madogo lakini kwao ni ukuta. Foleni ya kliniki ni ya mpaka saa tano, na wao ikifika saa nne kama hawajapata unga, mwili unaanza: jasho, tumbo, mifupa kuuma. Wanaita arosto. Mtu hawezi kukaa kwenye benchi na arosto akisubiri aitwe. Na mishipa imekufa. Kila anayewatoa damu huchoma mara tano, sita. Nilikuwa nikishangaa watu wanaojidunga kila siku wanawezaje kuogopa sindano ya nesi. Sasa naelewa.

Kim yeye alikuwa na sababu yake. Alisema kwa kifupi kwamba akijua, atafanya nini?

Ya Kim niliyaacha kwanza. Lakini ya Awuor niliweza kuyabeba. Saa ya chakula cha mchana nilikwenda kituo cha afya kilicho karibu, nikamtafuta mshauri wa pale wa VCT, yaani wa kupima virusi kwa hiari, mtu mmoja anayeitwa Kirui. Ni mtu wa makamo, anavaa sweta ya shule ambayo nadhani ni ya mtoto wake. Nilimweleza kila kitu isipokuwa habari ya boksi. Nilitegemea aniambie kuna utaratibu. Alikuna kidevu, akasema kipimo chake hakihitaji mshipa, ni tone moja la kidole. Akasema yeye hufika mapema kwa sababu ya gari la jirani, kwa hiyo wakija saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni, atawafungulia mlango wa nyuma. Na huyo mama mjamzito atampeleka yeye mwenyewe kwa nesi anayemwamini.

"Waambie sitawauliza mambo ya unga," alisema. "Wakitaka kuniambia, sawa. Mimi napima tu na kuongea."

Nilirudi kazini nikitembea haraka kama mtu aliyeokota kitu.

Hata hivyo imechukua wiki sita. Awuor alikubali, akakataa, akakubali, akapotea. Katikati ya hapo Mzee Bashir aliona katoni tupu ya sindano kwenye takataka na kujua. Nilidhani siku hiyo ndiyo ya mwisho kwangu. Nilimweleza yote, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia habari ya boksi na goti langu. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Halafu alisema kwamba amri ile ilikuwa yake, kwa hiyo nisijibebeshe peke yangu. Akasema niuze, lakini niuze waziwazi, kwa sababu siri ndiyo inayoleta polisi. Na jana nilipomwomba ruhusa ya asubuhi alisema atafungua duka yeye.

Basi leo.

Nilifika kwenye geti la kituo saa kumi na mbili na robo. Ukungu ulikuwa mzito, sikuweza kuona hata miti ya ng'ambo ya barabara. Awuor alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa jaketi la Kim, tumbo limeanza kuonekana wazi sasa, na amejifunga kitambaa kichwani vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Alikuwa peke yake.

Nilimuuliza Kim yuko wapi. Akasema alitoka kabla yake, hajui.

Tulisubiri. Ilifika saa kumi na mbili na nusu. Kirui akaja, akatusalimu, akaingia, akafungua mlango wa nyuma na kuuacha wazi kidogo. Awuor hakusogea. Alisema bila Kim haingii. Nilijikuta nataka kumvuta mkono. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu, na kitu kimoja tu nilichokitaka duniani ni yeye apite ule mlango. Lakini nilikwisha kujifunza kunyamaza, basi nikanyamaza.

Kim alitokea saa moja kasoro dakika kumi, akikohoa, kofia imevutwa mpaka machoni. Aliniambia pole bila kuniangalia. Alikuwa amekwenda kutafuta dozi yake ya asubuhi kwanza.

"Singetaka kukaa hapo nikitetemeka," alisema. "Wangesema naogopa."

Askari wa getini alitoka kwenye kibanda chake na kuuliza hawa wanakwenda wapi saa hii. Aliwatazama wao, akaniuliza mimi. Nilisema wako na mimi. Ni maneno matatu madogo. Miezi mitano iliyopita nisingeyasema hata kwa kulipwa.

Awuor aliingia wa kwanza. Mimi na Kim tulikaa kwenye benchi la nje. Alikohoa kikohozi kile ambacho nimekuwa nikikisikia kupitia dirisha la duka tangu Aprili, akafuta mdomo, akauliza kama Mau Narok kweli kuna baridi kuliko hapa. Nikamwambia kule viazi vinaungua kwa baridi usiku mmoja shamba zima. Alisema hajawahi kusikia baridi inaunguza. Tukaongea viazi. Sitasahau jinsi tulivyoongea viazi.

Baada ya nusu saa hivi mlango ulifunguka. Kirui hakuniambia kitu, na sikumuuliza. Hiyo si yangu. Alimwita Kim tu. Awuor alimpisha mlangoni, akamshika bega kidogo, kisha akaja akaketi pale alipokuwa Kim.

Alinionyesha kidole chenye pamba.

"Mstari ni moja," alisema. "Sina."

Aliweka mkono juu ya tumbo na kuanza kulia polepole, bila sauti, kama mtu anayepumzika. Nilimkumbatia. Alinuka moshi na sabuni.

Sasa ungamo la pili. Furaha yangu ya kwanza, kabla ya kumfurahia yeye na mtoto, ilikuwa yangu mwenyewe. Kitu ndani yangu kilisema: sikumuua. Ilikuwa ni sekunde moja, lakini niliisikia wazi, na niliona haya kukaa na furaha hiyo karibu na machozi yake.

Labda ndiyo sababu nilimwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwamba Februari sindano hazikuwa zimeisha. Zilikuwa chini ya kaunta, boksi zima, siku zote tatu.

Alijifuta macho kwa mkono wa jaketi.

"Tulijua, daktari."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Hiyo boksi inaonekana ukisimama upande wa mlango. Kim aliiona siku ya kwanza."

Nikamuuliza, basi kwa nini waliendelea kurudi kwangu? Kwa nini walikubali nimfunge Kim mkono, kwa nini amekunywa chai yangu? Alifikiria kidogo kama swali limemshangaza.

"Kwingine walitumwagia maji watufukuze," alisema. "Wewe ulidanganya tu. Nikasema, mtu wa kudanganya ana haya. Siku moja atachoka."

Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza, na nadhani si kitu cha kumwomba mwanamke ambaye ametoka tu kupimwa. Watu wa foleni walianza kuingia getini, akina mama na watoto mgongoni, na hakuna aliyemtazama Awuor zaidi ya mtu mwingine yeyote aliyekaa kwenye benchi.

Kim alichelewa kutoka. Alichelewa sana. Tulijua kabla mlango haujafunguka.

Alitoka na karatasi mbili na kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko. Alisimama mbele ya Awuor, akamuuliza swali moja, kwa sauti ya chini, kama yeye hana. Awuor alitikisa kichwa, hana. Kim alichuchumaa pale pale kwenye saruji, akaegemeza paji la uso kwenye magoti yake mwenyewe, na mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Basi mtoto yuko sawa," alisema. "Mimi ndio niko nayo. Iko kwangu peke yangu."

Awuor alimwinua. Walisimama wameshikana kwa muda, na mimi nikatembea mpaka kwenye mfereji wa maji nikajifanya nanawa mikono.

Nilipata nafasi ya kumwona Kirui kwa dakika mbili kabla hajaanza foleni. Nilimuuliza kwa jumla, bila kumtaja mtu, kama kipimo kinaweza kuonyesha mtu alipata lini. Aliniangalia. Nadhani alijua nauliza nini, au alijua nusu yake.

"Kipimo hakina tarehe," alisema. "Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza kuwa miaka mitano iliyopita. Ukitafuta siku, utajiumiza bure. Tafuta atakunywa dawa vipi."

Kwa hiyo kuhusu Kim sitajua kamwe. Hilo nitaishi nalo, na naona ni haki niishi nalo. Lakini yaliyobaki ni mengi kuliko niliyothubutu kuyategemea. Kim atapimwa kinga ya mwili ili wajue kama aanze dawa sasa. Kikohozi chake kitachunguzwa, ndiyo kazi ya kile kikopo. Kirui anashuku kifua kikuu, na kifua kikuu kinatibika, dawa ni bure, na Awuor pamoja na mtoto hawatakaa wakivuta hewa ile bila mtu kujua. Awuor amepelekwa kwa nesi, mama mmoja mnene mwenye kicheko, ambaye alimpima tumbo, akamsikilizisha moyo wa mtoto, akamwandikia kadi mpya. Mikono hakuifunua. Arudi kila mwezi, na apimwe tena baada ya miezi mitatu, maana sasa yeye hana na mwenzake anayo. Kondomu amepewa. Habari za kuacha unga ziliongelewa kidogo, bila kelele. Kirui aliniambia mlango mmoja kwa siku moja.

Tulipokuwa tunaagana getini, ukungu ulikuwa umeinuka na jua limeanza kupiga mabati. Kim aliniita pembeni.

"Daktari, kuanzia leo ukituuzia, usituwekee kwa karatasi moja. Yake peke yake, yangu peke yangu. Andika jina."

Nikamwambia nitaandika.

Nilifika dukani saa tatu na nusu nikamkuta Mzee Bashir amevaa koti langu la pili, limembana kifuani, akimweleza mama mmoja jinsi ya kumpa mtoto dawa ya kuhara, kwa uangalifu mkubwa, mara tatu. Aliniangalia usoni, akasema nikanywe chai kwanza. Nilipomweleza, bila majina, alikaa kwenye kiti cha wateja akasema alhamdulillahi mara kadhaa, kwa sauti ya kujisemea. Kisha akauliza kama Alhamisi ijayo pia nitahitaji asubuhi. Sikuwa nimefikiria.

Jioni nimefikiria, kwa sababu kabla sijafunga walikuja watu wawili. Mmoja ni mzee wa mikokoteni ambaye hanunui chochote kwangu ila sindano, na kwa miaka mitatu hajawahi kuniambia zaidi ya kiasi anachotaka. Leo alisimama kaunta akizungusha kofia.

"Awuor amesema hapo hawachomi mshipa," alisema. "Ni kidole tu. Ni ukweli?"

Nikasema ni ukweli. Akauliza kama lazima mtu awe na mke. Nikasema hapana. Mwenzake, ambaye alibaki nje kwenye manyunyu, aliuliza kupitia dirishani ni saa ngapi.

Karibu mwezi mzima wa kuhubiri kwangu haukuleta mtu. Awuor ameleta wawili kwa mchana mmoja, akiwa amekaa tu mahali wanapokaa, akiwaonyesha kidole.

Sasa nitaandika kilichobaki, halafu niende nyumbani.

Awuor nimemwambia. Kim sijamwambia. Najua aliliona boksi, lakini kuona kwake si kusema kwangu. Na Kim ndiye aliyetoka na mistari miwili. Kesho asubuhi anatakiwa kupeleka makohozi ya kuamkia kwenye kile kikopo, na ameniomba nimsindikize mpaka getini kwa sababu ya yule askari. Nitamwambia tukiwa njiani, kabla hatujafika, ili kama atataka kunitukana awe na nafasi ya kutosha barabarani. Ana haki hiyo.

Je, nitaweza? Nafikiri nitaweza. Wao wameweza kubwa kuliko hilo, na walikuwa na baridi, na walikuwa na hofu, na walikuja.

Nina usingizi. Ni usingizi wa kweli, ule wa nyumbani, na mara ya mwisho niliupata mwaka jana.